Uliza Ujibiwe: J-1 na karatasi yake, maswali kibao

Wapendwa wasomaji, mwezi huu meseji zenu karibu zote zimekuja za kitu kimoja, viza ya J-1, ile ya Marekani ya mabadilishano ya utamaduni. Ndo wanayoendea walimu wa Kiswahili, watafiti, madaktari wanaoenda kusomea ubingwa, vijana wa hotelini, wadada wa kulea watoto na hata wanafunzi wa sekondari. Programu ni ya zamani, sheria yake ilipitishwa mwaka 1961, na lengo lake ni watu wajuane, yaani uende ujifunze, uwaonyeshe na wao kwenu kukoje, alafu urudi. Hilo la kurudi likae kichwani manake majibu ya maswali yenu mengi yako hapo hapo. Barua nyingine nimezifupisha na vitu vya kuwatambulisha nimeviondoa.

SWALI: Habari Anti. Mimi ni mwalimu huku Bungoma, nimechaguliwa kwa ile programu ya Fulbright ya wasaidizi wa kufundisha lugha, FLTA, naenda kufundisha Kiswahili chuo kimoja Marekani miezi tisa, kitu nimekingoja sana. Sasa DS-2019, ile karatasi ya programu unayoombea viza, imekuja. Rafiki mmoja ananiambia nilipe haraka dola 220 za SEVIS, ule mtandao wa Marekani wa kufuatilia wageni wa programu, mwingine anasema ni 185 za viza, na mwingine ananiambia kwa intavyuu nisitaje kabisa kwamba nimeomba likizo TSC, tume inayotuajiri walimu, eti wataona nina mpango wa kukaa. Nifuate nani?
Mwalimu, Bungoma

JIBU: Mwalimu, hongera sana, na nimefurahi kuona Kiswahili kinakupeleka mbali hivo. Tulia kwanza, usilipe kitu. Chukua hiyo DS-2019 uisome yote toka juu mpaka chini, kuna mahali imeandikwa namba ya programu, na ya kwako kwa vile hela inatoka serikali ya Marekani inatakiwa kuanza na G-1. Ukiiona hiyo G-1, SEVIS hulipi na ada ya viza pia hulipi. Marafiki zako hawajakudanganya, wameongea ya kwao tu. Mtu anayeenda kwa sponsa wa kawaida (shirika au chuo kinachosimamia programu) namba yake inaanza na P, huyo ndo analipa dola 220 za SEVIS kupitia fomu I-901 (wa au pair, yaani wa kulea watoto, wa kambi za watoto na wanafunzi wanaoenda kufanya kazi wakati wa likizo wao ni dola 35) alafu analipa na dola 185 za viza ambazo hazirudi hata akinyimwa. Kuna na ada nyingine ya dola 250 ambayo sheria ya Julai 2025 iliiweka juu ya viza nyingi, hiyo kila mtu aangalie ukurasa wa ubalozi siku anayolipa, asitume kwa mtu kwa M-Pesa eti atamlipia.

Fomu ya kuombea viza, DS-160, ijaze mwenyewe. Nasisitiza mwenyewe, sio kijana wa saiba, manake kila neno humo ni lako na ndo afisa atakuwa nalo kwenye skrini mkiongea. Majina yafuate pasipoti. Wanauliza akaunti zako zote za mitandao ya miaka mitano iliyopita, Facebook, X, Instagram, ziandike zote, na tangu Juni 2025 waombaji wa J wanatakiwa waziache wazi mtu yeyote aweze kuona. Usianze kufuta vitu usiku kucha na usifiche akaunti, ukigundulika umedanganya kwenye fomu unaweza kufungiwa Marekani maisha, na hiyo ni mbaya kuliko picha yoyote uliyowahi kuposti.

Sasa la TSC. Mwalimu, hiyo likizo itaje! Sheria ya uhamiaji ya Marekani, kifungu 214(b), inamtaka afisa aanze kwa kudhani unataka kubaki huko, ni wewe wa kumwonyesha sio hivo, sasa barua inayosema kazi yako inakungoja Bungoma mwakani ndo kitu kizuri kuliko vyote ulivyo navyo, alafu mtu anakwambia uifiche. Intavyuu ya ubalozini Gigiri, Nairobi, ni fupi, dakika chache kwenye dirisha, atakuuliza unaenda kufanya nini, wapi, nani analipa, ukirudi utafanya nini. Jibu kama unavyomjibu mwalimu mkuu aliyekuuliza kitu unachokijua, kwa ufupi na ukweli, usikariri hotuba. Beba pasipoti, DS-2019, karatasi ya kuthibitisha DS-160, miadi yako na hiyo barua. Ukinyimwa kwa 214(b) hakuna rufaa ila sio kifungo, unaweza kuomba tena, na kabla ya kuomba tena jiulize kuna nini kipya cha kumwonyesha.

Na tiketi: huruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye DS-2019, kwa hiyo usijipange kwenda mapema kumtembelea shangazi. Hiyo DS-2019 ukiwa safarini ikae kwenye begi la mkononi, sio kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege, utaulizwa uwanjani kabla hujaliona sanduku lako.

SWALI: Anti mambo. Nina miaka 24, nina diploma ya ECDE, ya kufundisha watoto wadogo. Kuna ajenti hapa Nakuru ana ofisi kabisa na picha za wasichana aliowapeleka, anasema atanipeleka Marekani kwa au pair, anataka 180,000 kwanza na pasipoti yangu abaki nayo, anasema kwake viza lazima itoke. Mama ameanza kutafuta mtu wa kununua ng'ombe. Niende?
Binti, Nakuru

JIBU: Mdogo wangu, leo hii mpigie mama umwambie ng'ombe asiuzwe kwanza. Hakuna binadamu nje ya lile dirisha la ubalozi anayeweza kusema viza lazima itoke, na anayesema hivo ameshakuonyesha yeye ni mtu wa aina gani. Pasipoti pia, ni yako, ajenti hana sababu ya kuishika hata usiku mmoja.

Au pair ya Marekani yenyewe ipo kweli na ni programu nzuri ukiingia kwa mlango wake. Lazima kuwe na sponsa aliyeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, orodha yao iko wazi kwenye tovuti ya serikali, j1visa.state.gov, unaingia unachagua aina ya programu unawaona wote. Muulize huyo ajenti jina la sponsa wake. Akikupa, usitumie namba anayokupa yeye, tafuta imeili ya sponsa kwenye hiyo orodha uwaandikie mwenyewe, uwaulize kama mtu huyu Nakuru ni wakala wao na ada zao ni ngapi. Asipokupa jina, hapo huna biashara naye tena.

Na ujue unaendea nini ili mtu asikupambie. Umri ni 18 mpaka 26, uwe unaongea Kiingereza vizuri, unakaa na familia mwaka mmoja na unaweza kuongezewa. Kazi ni kulea watoto, isizidi masaa 10 kwa siku na 45 kwa wiki, upumzike siku moja na nusu kila wiki na wikendi moja nzima kila mwezi, likizo wiki mbili yenye malipo. Posho ya chini kabisa kisheria imekuwa dola 195.75 kwa wiki, chumba chako na chakula juu yao, na wanakuchangia mpaka dola 500 za masomo kwa sababu lazima usome chuo kidogo, krediti sita. Mtoto wa chini ya miaka miwili hawakuachii kama huna masaa 200 ya kulea watoto wadogo yaliyoandikwa mahali, wewe na ECDE yako hapo una kitu mkononi, nenda shule uliyofanyia mazoezi wakuandikie barua yenye masaa. Kufua nguo za baba na kupikia wageni wa nyumba sio kazi ya au pair. Nakwambia sasa manake ukishafika ugenini ni vigumu kumwambia mwenye nyumba hapana kama hukujua toka mwanzo.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni Mtanzania, nimemaliza chuo cha hoteli mwaka jana, nilipata intaniship hoteli moja South Carolina, DS-2019 ninayo na SEVIS nimelipa, sasa naambiwa J zimefungwa kwetu. Kuna jamaa anasema nikaombee Nairobi inatoka. Kweli?
Kijana, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. La kufungwa ni kweli na inaniuma kukujibu hivi. Tangazo la Rais wa Marekani lilisainiwa tarehe 16 Desemba 2025 likaanza kazi 1 Januari 2026, na Tanzania ikawekwa kwenye nchi ambazo viza za matembezi, za masomo na hizi za J zimesimamishwa. Burundi walishawekwa hivo tangu 9 Juni 2025, na Somalia na Sudan Kusini wao wamefungiwa karibu kila kitu. Kinachoangaliwa ni uraia wako, sio mji unaoombea, kwa hiyo Nairobi haikusaidii kitu, na isitoshe tangu Septemba 2025 wanataka mtu aombee nchi yake au nchi anayoishi kihalali. Huyo jamaa anataka nauli yako. Kama kuna msomaji Mtanzania ambaye viza yake ilikuwa hai siku ile tangazo linaanza, hiyo haikufutwa na tangazo.

Cha kufanya: mwandikie sponsa leo, muulize kama anaweza kusogeza tarehe za kuanza, na usome mkataba wako uone ada ya programu inarudi kiasi gani. Hapo kuna kitu vijana wengi hawakijui. Intani lazima awe bado chuoni au amehitimu ndani ya miezi 12 kabla ya programu kuanza. Wewe umemaliza mwaka jana, ukisogeza sana unatoka nje ya hiyo miezi na inabidi uombe kama treinii, ambaye anatakiwa awe na cheti cha chuo na juu yake mwaka mmoja wa kazi nje ya Marekani. Kwa hiyo usikae nyumbani kungoja, ingia hotelini hapo hapo Morogoro au Dar, kazi ya kweli yenye barua ya ajira, ili siku mambo yakifunguka uwe na mlango mwingine wa kuingilia.

SWALI: Anti habari za kazi. Nimefika Iowa wiki iliyopita kama mtafiti, nimetoka Eldoret. Viza yangu inaisha baada ya miezi michache ila DS-2019 inasema miaka miwili. Nimechanganyikiwa, ipi ni ipi? Na kuna vitu vya kufanya mwanzoni au naanza tu kazi?
Mtafiti, Iowa

JIBU: Hili swali nalipenda manake ndo mzizi wa mambo yote. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ni ufunguo wa geti, DS-2019 ndo mkataba wa nyumba. Ukishaingia ndani, ufunguo kuisha muda hakukutoi, kinachokuweka kihalali ni DS-2019 iliyo hai, rekodi yako ya SEVIS iliyo hai, na wewe kufanya kile tu kilichoandikwa humo. Viza utaihitaji tena siku ukitoka nje na kutaka kurudi.

Vitu vya mwanzo vipo na vina tarehe. Sponsa wako, kwako wewe naona ni chuo chenyewe, lazima aithibitishe rekodi yako ndani ya siku 30 za tarehe ya kuanza, kwa hiyo nenda ofisi ya wageni wa kimataifa ukajionyeshe na uwape anwani ya unapolala. Ukihama, hata kutoka ghorofa moja kwenda nyingine, una siku 10 za kuwaambia. Alafu ingia tovuti ya I-94 ushushe rekodi yako ya kuingia, angalia jina na angalia kama wamekuandikia J-1 na D/S (yaani ukae muda wote programu yako iko hai) au tarehe maalumu, wakati mwingine uwanjani wanakosea na ni rahisi kurekebisha sasa kuliko mwakani. Namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii, subiri kama siku kumi tangu ufike ndo uende kuiomba, ukienda mapema mtandao wao haukuoni.

Bima, kaka, bima. Sheria inataka bima ya afya yenye dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kukusafirisha ukiugua sana, dola 25,000 za kurudisha mwili nyumbani, na ile sehemu unayojilipia mwenyewe isizidi dola 500 kwa kila tukio. Najua hiyo ya mwili inatisha kusoma, lakini sisi wote tumechangia michango ya kurudisha marehemu kutoka huko na tunajua inavyokuwa. Hata wiki moja usikae bila, na kama mke na watoto wamekuja kwa J-2 na wao ni hivo hivo. Mtu akiikosa bima kwa makusudi, sponsa hana hiari, lazima amtoe kwenye programu.

Na kodi. Hata usipopata senti kule, kila mwaka kuna fomu 8843 ya kupeleka, na ukiwa na mshahara kuna 1040-NR, mwisho katikati ya Aprili. Mwajiri akikukata hela za Social Security na Medicare muulize, mtafiti wa J-1 kwa kawaida miaka miwili ya mwanzo hakatwi hizo.

SWALI: Anti nisaidie tafadhali. Niko Colorado kwa J-1 ya treinii ya hoteli, mwaka mmoja. Kwenye karatasi za mafunzo niliandikiwa mapokezi, mgahawa, na ofisi ya mauzo. Huu ni mwezi wa tano natandika vitanda tu, vyumba kumi na kitu kwa siku, nikiuliza supavaiza anasema niwe na subira na pasipoti yangu alisema anaitunza ofisini. Binamu yangu wa Minnesota anasema niache niende kwake, kuna kazi ya kutunza wazee inalipa vizuri, kila mtu anafanya. Nimechoka Anti nalia kila siku.
Dada wa Mombasa, Colorado

JIBU: Dada yangu, pole, pole sana. Nianze na pasipoti. Kesho asubuhi iombe kwa maandishi, meseji au imeili, kwa adabu, useme naomba pasipoti yangu leo. Mwajiri wa Marekani kumshikia mfanyakazi pasipoti ili asiondoke ni kosa la jinai kule, sio utaratibu wa hoteli. Siku ya intavyuu ubalozini ulipewa kijitabu cha haki zako, humo kuna namba ya msaada kwa wanaonyanyaswa kazini, 1-888-373-7888, wanapokea masaa 24 na wanaweza kukupa mkalimani. Na Wizara ya Mambo ya Nje ina namba ya watu wa J-1 peke yao, 1-866-283-9090. Ziandike mahali nje ya simu yako pia.

Sasa mafunzo. Hiyo karatasi unayoisema ni DS-7002, imesainiwa na wewe, na hoteli, na sponsa, na sheria inasema programu ya hoteli ya miezi sita kwenda juu lazima ikupitishe idara tatu au zaidi. Kutandika vitanda miezi mitano sio ulichosainiwa. Hapa ndo wengi wetu tunakosea, tunamlilia supavaiza, tunamlilia binamu, wakati mwenye jukumu la mafunzo yako ni sponsa, na sponsa hajui lolote kama hujamwambia. Kwenye DS-2019 yako kuna jina la afisa aliyesaini, anaitwa RO. Mwandikie imeili leo usiku. Usiandike kwa hasira, andika kwa tarehe: kuanzia tarehe fulani mpaka leo nimefanya kazi idara moja tu, ratiba zangu hizi hapa, nimezipiga picha, DS-7002 inasema hivi, naomba mje muangalie au mnihamishie hoteli nyingine. Barua ya aina hiyo wanalazimika kuishughulikia, na kuhamishiwa sehemu nyingine inawezekana ukiwa bado rekodi yako ni safi na DS-2019 haijaisha.

Na hilo neno, rekodi safi, ndo sababu nakuomba usimfuate binamu. Najua anakupenda na anaona unateseka. Lakini siku utakayoacha hoteli bila sponsa kujua, sponsa akigundua ataifunga SEVIS yako, na siku utakayopokea hela ya kutunza wazee utakuwa umefanya kazi bila ruhusa, na kazi ya kutunza wazee kwa watu wa treinii imekatazwa kwa jina kabisa kwenye kanuni. Leo wewe ndo uliyekosewa na karatasi zinakutetea, ukishaondoka hivo kosa linahamia kwako na yule supavaiza anabaki mtu mwema. Na hao anaosema kila mtu anafanya, muulize binamu wangapi wameshindwa kwenda kuzika wazazi wao.

Ukiona hali imekuwa ya hatari, umetishwa au umeguswa, hapo usisubiri imeili ya mtu, toka nenda mahali salama alafu piga hizo namba, usalama unakuja kabla ya programu. Nakuombea. Niandikie tena, barua yako nitaijibu kabla ya wengine.

SWALI: Shkamoo Anti, mimi Mtanzania niko Ohio mwaka wa pili, chuo kinanilipia. Mama yuko Muhimbili hali sio nzuri, ndugu wanasema nirudi nimuone. Naogopa nikitoka sitarudi kumalizia. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Ohio

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu amponye mama. Uamuzi ni wako na familia, mimi nikupe tu hali ilivyo. Toa pasipoti uangalie viza: tarehe ya kuisha, na idadi ya kuingia, imeandikwa moja au M ya mara nyingi. Kama bado ni hai na ni ya mara nyingi, tangazo la Januari halikuifuta. Omba RO akusainie DS-2019 sehemu ya safari, ile saini inakaa mwaka mmoja au chini ya hapo, ubebe na barua ya chuo na ratiba ya masomo. Mpe siku mbili tatu, mwambie ni dharura ya mgonjwa, wanazijua hizi. Kama viza imeisha au ilikuwa ya kuingia mara moja, basi utahitaji viza mpya Dar, na kwa Mtanzania saa hizi usipange maisha yako juu ya kuipata, ongea na RO na wakili wa uhamiaji kabla hujakata tiketi, vyuo vingine vina wakili wa bure kwa wanafunzi. Uliza pia kama masomo unaweza kuyasimamisha au kumalizia kwa mtandao ukiwa nyumbani, manake wakati mwingine tunaona mlango mmoja na kumbe kuna miwili. Ukiamua kwenda ukijua gharama yake, hakuna mtu mwenye haki ya kukulaumu, na ukiamua kubaki pia, piga simu ya video kila siku, ongea naye hata akiwa hajibu.

SWALI: Anti, mimi ni FLTA, mwaka unaisha mwezi ujao. Nimempata mpenzi Mmarekani tunataka kuoana. Yeye anasema tukioana nabaki tu, nisiondoke. Lakini kwenye DS-2019 yangu chini kushoto wameweka alama kwenye mambo ya miaka miwili. Ndoa haiondoi hiyo?
Mwalimu mwingine, anatoka Kisumu

JIBU: Hongera kwa mapenzi, na hapana, ndoa haiondoi. Hiyo ni 212(e), kifungu cha kurudi kwenu miaka miwili. Inamshika mtu aliyelipiwa na serikali ya Marekani au ya kwao, na wewe ulilipiwa, inawashika madaktari waliosomea ubingwa kule, na inawashika wale ambao fani yao iko kwenye orodha ya ujuzi ambao nchi yao inauhitaji, orodha iliyorekebishwa Desemba 2024 na nchi nyingi zikatolewa, kwa hiyo wa kundi hilo waiangalie upya. Aliyeshikwa anatakiwa akae nchi yake jumla ya miaka miwili kabla ya kupata green card, viza ya uchumba K, au za kazi za H na L. Aliyekuja na mke au watoto kwa J-2, inawashika na wao.

Lakini usiisome kama imekufungia nje. Miaka miwili sio lazima iwe mfululizo, inajumlishwa, na katikati unaweza kuomba viza ya kutembea au ya masomo. Oaneni, sheria haikatazi, hata Kisumu mnaweza kuoana, mpenzi wako akaja akaishi kwenu akajua na nyumbani kwa mume kukoje, mbona wengi wamefanya hivo na watoto wao wanaongea lugha tatu. Njia ya kuomba kusamehewa ipo, inaanza na fomu DS-3035 na ada ya dola 120, na ina sababu zake: barua ya serikali yako kwamba haina pingamizi, au taasisi ya serikali ya Marekani ikuhitaji, au kwamba ukirudi utateswa, au kwamba kuondoka kwako kutamuumiza mwenzi au mtoto raia wa Marekani kupita kiasi cha kawaida. Kukosana miaka miwili peke yake hakuhesabiki kuwa kuumia kupita kiasi. Na kwa mtu wa Fulbright ile barua ya kutokuwa na pingamizi ni nadra kukubaliwa, kwa sababu waliotoa hela wanataka urudi.

Programu ikiisha una siku 30 za kufunga mizigo na kuzunguka kidogo, kufundisha au kufanya kazi yoyote humo hairuhusiwi. Kabla ya hapo mwombe mwenzio mkae na wakili mmoja wote wawili, asikie mwenyewe, na hata kama una uhakika alama iko sahihi unaweza kuomba Wizara ya Mambo ya Nje kule itoe maoni yao kwa maandishi kama kweli 212(e) inakushika, manake maafisa wakati mwingine wanaweka alama kimakosa na neno la mwisho sio la ile alama. Wakishasema inakushika, kata tiketi ndani ya hizo siku 30, na tarehe uliyotua Nairobi ihifadhi vizuri, muhuri wa pasipoti na tiketi yenyewe, kwa sababu miaka yako miwili inaanza kuhesabiwa hapo na siku moja utaulizwa ushahidi.